Je, moto wa Triangle ndio ulioleta sheria za kuwalinda wafanyakazi Marekani?

SWALI: Ninafundisha historia kidato cha sita. Notisi nilizonunua zinasema kwamba moto wa kiwanda cha Triangle, New York, mwaka 1911, ndio uliosababisha Marekani kutunga sheria za usalama viwandani. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini walisubiri mpaka watu 146 wafe, nikakosa la kumjibu. Je, maelezo hayo ni sahihi? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, mjibu mwanafunzi wako kwamba hawakusubiri. Novemba 1909, miezi 16 kabla ya moto, washonaji wa blauzi wapatao 20,000 waligoma jijini New York, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na Kiitalia waliohamia kutoka Ulaya. Kwenye mkutano wa kuamua mgomo huo, viongozi walikuwa wakihutubia kwa muda mrefu bila kuamua lolote, ndipo mshonaji mmoja, Clara Lemlich, akaomba nafasi ya kusema na kutaka mgomo utangazwe pale pale. Wafanyakazi wa Triangle walikuwa miongoni mwa wagomaji. Viwanda vingi vilikubaliana na chama chao, lakini wenye Triangle, Max Blanck na Isaac Harris, walikataa kukitambua.

Wafanyakazi hao wa Triangle ndio waliokutwa na moto wa tarehe 25 Machi 1911. Mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa saa za kutoka wafanyakazi walitakiwa kupita upande mwingine, ambako mikoba yao ilipekuliwa ili wasiondoke na vitambaa. Ngazi ya chuma ya nje ilipinda na kuporomoka na waliokuwa juu yake, na zile za zimamoto zilikomea ghorofa ya sita. Jengo lilikuwa limejengwa kustahimili moto, na lilistahimili: lipo hadi leo, ni mali ya Chuo Kikuu cha New York.

Kila mwaka nasahihisha insha zinazorudia sentensi ya notisi zako neno kwa neno, na kila mara najiuliza kwa nini waandishi wa notisi hizo hawautaji moto wa Newark. Novemba 1910, miezi minne tu kabla ya Triangle, ng'ambo ya pili ya mto Hudson katika jimbo jirani la New Jersey, kiwanda kiliungua na kuua zaidi ya wanawake 20, baadhi yao wakiruka madirishani, kama ilivyokuja kutokea Triangle. Mkasa huo haukuzaa mageuzi kama yale ya New York, na leo ni wachache wanaoukumbuka. Ikiwa moto peke yake hutunga sheria, ule wa Newark ulipungukiwa na nini?

Tofauti ilikuwa katika watu waliokuwa wamekwisha kujipanga. New York ilikuwa na chama cha washonaji kilichotoka kwenye mgomo mkubwa, na ilikuwa na Jumuiya ya Walaji (yaani wanunuzi wa bidhaa), iliyokuwa ikikusanya takwimu za viwandani na kuzipeleka kwa wabunge wa jimbo. Katibu wake, Frances Perkins, aliushuhudia moto ule kwa macho yake. New York ilikuwa pia na wanasiasa, Robert Wagner na Al Smith, waliotegemea kura za mitaa ile ile ya wahamiaji. Wawili hao waliongoza tume ya jimbo ya kuchunguza viwanda, ambayo haikuishia kwenye moto: ilikagua vyoo, hewa, saa za kazi na ajira ya watoto, hadi katika viwanda vya kusindika vyakula nje ya jiji. Zaidi ya sheria 30 zilipitishwa. Zilikuwa sheria za jimbo la New York, Mwalimu, si za Marekani nzima, na kosa hilo pekee lingetosha kuzitupa notisi hizo.

Wauzaji wa majibu mepesi wanamharibu mwanafunzi kwa kumfundisha kwamba tukio huzaa sheria na sheria humaliza tatizo. Mwanaharakati wa haki za wafanyakazi, Florence Kelley, alikwisha kupigania sheria ya viwanda jimboni Illinois mwaka 1893, ikaweka kikomo cha saa nane za kazi kwa siku kwa wanawake. Mwaka 1895 mahakama kuu ya jimbo ikakifuta kikomo hicho. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta kikomo cha saa 60 kwa wiki kwa waoka mikate wa New York. Sheria ya Marekani nzima ya mwaka 1916 dhidi ya ajira ya watoto ilidumu hadi 1918 tu, nayo ikabatilishwa. Notisi zinazoruka hukumu hizi zinamfanya mwanafunzi aamini kwamba mageuzi yalikwenda mbele tu, na anapokutana na sheria ya mwaka 1938 ya ujira na saa za kazi hawezi kueleza kwa nini ilichelewa hivyo.

Na wanafunzi wanapofika kwenye sheria hizo za New York, waeleze pia yaliyowapata wenye Triangle. Blanck na Harris walishtakiwa na kuachiwa huru Desemba 1911, kwa sababu upande wa mashtaka ulitakiwa uthibitishe kwamba walijua mlango ulikuwa umefungwa saa ile. Mwaka 1913 Blanck alikamatwa tena kwa kufunga mlango wa kiwanda chake wafanyakazi wakiwa ndani, akatozwa faini ya dola 20.