Maswali ya Wasomaji: Mtoto Mchanga Alale Wapi?

SWALI: Mpendwa Mshauri, natumaini u mzima. Ninatarajia kujifungua mtoto wangu wa kwanza mwezi ujao, na mimi na mume wangu tunaishi katika chumba kimoja chenye kitanda kimoja na kochi. Wifi yangu ametupatia kitanda alichowalazia wanawe, chenye ubavu mmoja unaoteremka, pamoja na vijimto vya kufunga pande zote na blanketi zito. Mama mkwe, ambaye amelea watoto wengi na ninamheshimu sana, anasema mtoto alale nasi kitandani, tena kwa ubavu, kwa sababu akilala chali atapaliwa na maziwa. Muuguzi wa kliniki aliniambia mtoto alale chali, ila hakunieleza sababu. Nimebaki njia panda. Nimsikilize nani?
Mama Mtarajiwa

JIBU: Mama Mtarajiwa, hongera kwa safari uliyofika. Muuguzi wako alisema kweli. Mtoto alale chali, mchana na usiku, juu ya godoro lake mwenyewe lililo gumu na lililo sawa, ndani ya chumba hichohicho mnacholala ninyi, karibu kiasi cha kumfikia kwa kunyoosha mkono. Chumba kimoja kisikutie unyonge hata kidogo, kwa kuwa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinawataka hata wazazi wenye vyumba vingi wamlaze mtoto chumbani mwao kwa angalau miezi 6 ya kwanza, muda ambao ndimo hutokea sehemu kubwa ya vifo vya ghafla vya watoto wachanga wakiwa usingizini.

Hofu ya mama mkwe ya mtoto kupaliwa ina mantiki kwa macho, na ndiyo maana imedumu. Tazama hata hivyo jinsi koo lilivyoumbwa. Njia ya hewa iko upande wa mbele na njia ya chakula iko nyuma yake, kwa hiyo mtoto anapolala chali njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yanayopanda wakati wa kucheua hulazimika kupanda mlima ili yaingie kwenye hewa. Mtoto akilala kifudifudi mpangilio huo hugeuka, maziwa yakawa juu na mlango wa hewa ukawa chini yake. Zaidi ya hapo, mtoto mzima wa afya humeza au kukohoa mwenyewe kinachomrudia. Kumlaza kwa ubavu nako si suluhisho la katikati kama linavyoonekana, kwa sababu mwili wa mtoto mchanga hauna uthabiti katika mkao huo, na kujiviringisha kidogo tu kunamfikisha kifudifudi ilhali hajapata nguvu za kurudi.

Tena usimlaumu mama mkwe, kwa kuwa kwa miaka mingi madaktari wenyewe katika nchi nyingi waliwashauri wazazi wawalaze watoto kifudifudi. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1980 ndio uliowageuza. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto wachanga vikapungua kwa zaidi ya nusu, wala vifo vya kupaliwa havikuongezeka kama ilivyohofiwa. Ukimweleza mama mkwe kwa njia hii, kwamba ushauri ulibadilika baada ya watoto kulala alivyowalaza yeye, nadhani atakusikiliza bila kujiona amesutwa.

Ni vyema pia ujue hatari yenyewe inavyofanya kazi, maana ukiielewa utaweza kukipima kitu chochote utakachopewa bila kuniandikia tena. Mtoto wa wiki chache hawezi kuinua kichwa vizuri wala kusukuma kitu kilichomfunika uso. Pua yake ikizama kwenye mto, kwenye blanketi au kwenye godoro laini, anaanza kuvuta tena hewa ileile aliyoitoa, na baadhi ya watoto hawaamki kujiokoa kama mtu mzima anavyoshtuka. Haya hutokea kimyakimya. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kila kilichomo kitandani ni moja tu: je, kinaweza kuufikia uso wake?

Kwa kipimo hicho, vijimto vya pembeni na blanketi zito vitoke. Vijimto hivyo hufungwa kwa nia ya kuzuia mtoto asigonge kichwa kwenye fito, lakini kugonga fito humletea kilio tu, ilhali kijimto kinaweza kumziba pumzi au kumnasa kati yake na godoro, na Marekani ilipiga marufuku kuviuza kwa sheria ya mwaka 2022. Sheria hiyohiyo iliondoa sokoni vitanda vya watoto wachanga vyenye mwinamo wa zaidi ya digrii 10. Mito, wanasesere na nguo zilizokunjwa visikae humo pia. Shuka moja lililovutwa likabana godoro linatosha, na kitanda kikionekana kitupu mpaka wageni wakakihurumia, basi kiko sawasawa.

Kuhusu kitanda chenyewe nitakuwa mkali zaidi. Vitanda vyenye ubavu unaoteremka vilipigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa nchini Marekani mwaka 2011, baada ya watoto kufa kwa kunaswa pale vyuma vya kuteremshia vilipolegea na ubavu ukaachana na godoro. Wifi yako alikitumia salama, na moyo wake wa kukupa ni wa kushukuriwa, lakini kila mwaka wa matumizi huzidi kulegeza vyuma hivyo. Mimi nisingekitumia. Ukipata kitanda kingine, kipya au cha kuazima, kitikise ukisikilize. Kisha angalia nafasi kati ya ufito na ufito, ambayo isizidi sentimita 6, ili kiwiliwili cha mtoto kisipenye kichwa kikabaki. Weka godoro ndani na ujaribu kupenyeza vidole viwili kati yake na ukingo. Vikiingia, godoro ni dogo mno kwa kitanda hicho. Mwisho bonyeza godoro kwa kiganja na uondoe mkono. Likirudi papo hapo linafaa, na alama ya mkono ikibaki, hapo ndipo pua nayo ingezama.

Usipopata kitanda, usihangaike sana. Susu lenye kitako bapa linafaa, na hata godoro dogo gumu lililotandikwa sakafuni, mbali na ukuta, pazia na kamba yoyote inayoning'inia, ni bora kuliko kitanda cha fahari kilicholegea. Palipo na mbu, chandarua kivutwe kikaze na kichomekwe chini ya godoro, kisilegee juu ya uso wake.

Sasa nije kwenye kulala naye kitandani kwenu, jambo ambalo wataalamu wenyewe hawalisemi kwa sauti moja. Madaktari wa watoto wa Marekani hawalipendekezi kabisa. Wa Uingereza huona kwamba wazazi wengi watalala na watoto wao kwa vyovyote vile, kwa hiyo ni afadhali waelezwe masharti. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba hatari hupanda mno ikiwa mmoja wenu anavuta sigara, amekunywa pombe au dawa inayoleta usingizi, au ikiwa mtoto alizaliwa njiti au kwa uzito wa chini ya kilo 2.5. Katika hali hizo jibu ni hapana.

Ninalotaka hasa ulifikirie kabla hujajifungua ni saa tisa usiku. Wakati huo umeamka kwa mara ya tatu, mumeo amelala fofofo, nawe unahofia kunyonyeshea kitandani usije ukasinzia, basi unahamia kwenye kochi. Unaegemea, mtoto ananyonya, kichwa chako kinashuka. Kochi ndiyo mahali pa hatari kuliko pote nilipopataja, kwa kuwa mtoto huteleza kati ya mwili wako na mito ya kochi, au akabanwa kwenye pembe ya mgongo wa kochi, na hakuna nafasi ya kupumua. Mama aliyekimbia kitanda kwa tahadhari anajikuta ameingia pabaya zaidi. Ikiwa unajijua kwamba utasinzia, nyonyesha kitandani, baada ya kuondoa mito na mablanketi upande wa mtoto na kuhakikisha hakuna mwanya kati ya godoro na ukuta, na mara uzinduke umrudishe mahali pake. Mpangeni tangu sasa ni nani atakayemrudisha, maana mumeo anaweza kuamka kwa dakika mbili akafanya kazi hiyo. Kunyonyesha kwenyewe ni kinga, kwa hiyo kusikatishwe kwa ajili ya hofu hii.

SWALI: Mwanangu ana wiki 6. Halali vizuri ila kwenye kiti chake cha garini, nasi tumezoea kukiingiza ndani na kumwacha humo hadi asubuhi. Kuna ubaya?
Baba wa Mmoja

JIBU: Upo, Baba wa Mmoja. Kiti hicho kilibuniwa kimlinde kwenye mwendo, akiwa amefungwa mikanda na kiti chenyewe kimekaa katika pembe yake garini. Mkiweka sakafuni pembe hubadilika, kichwa kizito kinaangukia mbele, kidevu kikagusa kifua, na njia yake nyembamba ya hewa ikajikunja. Akisinzia safarini mwacheni, lakini mkifika mtoeni mumlaze chali, hata kama ataamka na kulia. Atalia siku kadhaa kisha atazoea. Hayo yanahusu pia bembea na viti vya kupumzishia, na kiti kisiwekwe kamwe juu ya kitanda au kochi, ambako kinaweza kupinduka.

SWALI: Binti yangu wa miezi 5 ameanza kujigeuza usiku, namkuta amelala kifudifudi. Je, niamke kila mara nimgeuze? Na kwa kuwa nimekatazwa blanketi, nitajuaje kwamba hasikii baridi?
Mama Wawili

JIBU: Endelea kumlaza chali kila anapoanza kulala. Akishaweza kujigeuza pande zote mbili mwenyewe, yaani kwenda kifudifudi na kurudi chali, mwache alale alivyochagua, mradi kitandani hamna kitu cha kumziba. Ikiwa anakwenda tu na hajui kurudi, mgeuze unapomkuta, na mchana mpe muda wa kulala kifudifudi akiwa macho huku ukimwangalia, kwani humkaza shingo na mabega na huzuia kisogo kuwa bapa. Kama bado unamfunga nguo mwilini ili atulie, acha tangu usiku wa leo, kwa sababu mtoto aliyefungwa mikono akijigeuza hana cha kujiinulia.

Baridi ipimwe kifuani au nyuma ya shingo, si mikononi, maana mikono na miguu ya mtoto huwa ya baridi hata akiwa hana shida. Shingo ikiwa na jasho au kifua kikiwa cha moto, punguza nguo, kwa sababu joto kupita kiasi nalo huongeza hatari ya kifo cha ghafla. Kwa kawaida nguo zako za usiku na moja zaidi ndizo zinazomtosha, bila kofia ndani ya nyumba, na mfuko wa kulalia unaomkaa vizuri shingoni na makwapani hushika nafasi ya blanketi.