Maswali ya Wasomaji: Wali Uliofungwa Majanini na Mitumbwi ya Joka

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni fundi ujenzi hapa Jinja na wasimamizi wetu ni Wachina. Mwishoni mwa Mei 2025 walitugawia wali uliofungwa ndani ya majani, ukiwa na umbo la pembe tatu, na mmoja wao akanifunga nyuzi za rangi mkononi. Mwenzangu alisema hilo ni tambiko na tusikubali. Mwingine akasema ni kumbukumbu ya mtu aliyezama mtoni. Wasimamizi wanasema kuwa kwa mwaka 2026 siku hiyo ni 19 Juni. Ni sikukuu gani hii, kwa nini tarehe yake inahama, na je, mimi Mwislamu naweza kula chakula hicho?
Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu yetu wa Jinja, mwenzako wa pili ndiye aliyekaribia zaidi, ingawa wa kwanza naye hakukosea kabisa. Sikukuu hiyo huitwa Duanwu, na huadhimishwa siku ya tano ya mwezi wa tano katika kalenda ya Kichina. Aliyezama ni Qu Yuan, mshairi na waziri wa ufalme wa Chu, aliyezaliwa yapata mwaka 340 K.K., wakati nchi ambayo leo ni China ilikuwa imegawanyika katika falme zilizopigana bila kukoma. Alimshauri mfalme wake ashikamane na ufalme wa Qi ili kuuzuia ufalme wa Qin, uliokuwa ukiwameza majirani. Lakini watu wa baraza walimsengenya, akafukuzwa, na huko uhamishoni akatunga mashairi ya uchungu ambayo Wachina wanayasoma hata leo. Mwaka 278 K.K. majeshi ya Qin yaliuteka mji mkuu wa Chu, na inasimuliwa kwamba Qu Yuan alikumbatia jiwe akajitosa katika mto Miluo, ulioko katika jimbo la sasa la Hunan.

Hapo ndipo hadithi inapoanza. Husemwa kwamba wanavijiji waliruka ndani ya mitumbwi wakashindana kumfikia, wakapiga ngoma kuwatisha samaki wasimle, na wakatupa wali mtoni ili samaki washibe huo badala ya mwili wake. Kisa kilichoandikwa karne nyingi baadaye kinaongeza kwamba roho yake iliwatokea watu ikalalamika kuwa wali wote unaliwa na joka la mtoni, ikawaagiza waufunge kwa majani na nyuzi za rangi tano, vitu ambavyo joka linaviogopa. Kwa masimulizi hayo, wali ulioupokea, ambao huitwa zongzi, na mitumbwi yenye kichwa cha joka, ambayo kwa kawaida hubeba wapiga makafi 20, mpiga ngoma na mshika usukani, vyote vinatoka kwa maiti mmoja asiyepatikana. Wasomaji wetu waliowahi kutazama mashindano ya mitumbwi ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ziwani wataelewa jinsi ngoma inavyoweza kuunganisha mikono mingi ikawa mmoja.

Hata hivyo, mimi siamini kwamba desturi zote hizo zilianza na Qu Yuan. Katika eneo la Suzhou siku hiyo hiyo humkumbuka Wu Zixu, mshauri aliyelazimishwa kujiua mwaka 484 K.K. na mwili wake ukatupwa mtoni. Na upande wa Shaoxing humkumbuka Cao E, binti wa karne ya pili B.K. aliyemtafuta baba yake mtoni hadi naye akazama. Hadithi zinapotofautiana ilhali siku na mto vinabaki vile vile, naona ni haki kudhani kwamba siku ilitangulia na wahusika wakafuata.

Siku yenyewe ilikuwa ya hofu. Mwezi wa tano wa Kichina huja na joto na unyevu, wadudu huzaana na magonjwa husambaa, kwa hiyo wazee waliuita mwezi wa sumu na kuwataja viumbe watano wa kuepukwa: nyoka, nge, tandu, mjusi na chura. Ndiyo sababu hutundika mlangoni matawi ya mmea wa jamii ya pakanga, ambayo harufu yake kali hufukuza wadudu, na huwafunga watoto nyuzi za rangi tano mikononi kama kinga. Nyuzi ulizofungwa ni hizo, na aliyekufunga alikutakia afya. Zamani walikunywa pia pombe iliyotiwa madini yenye aseniki. Katika ngano maarufu ya Nyoka Mweupe, mke mwema anainywa siku ya Duanwu na kurudia umbo lake la nyoka mbele ya mumewe. Aseniki ni sumu, kwa hiyo mtu asiijaribu desturi hiyo. Kwa Wachina wengi wa leo siku hii ni ya familia na chakula. Imekuwa mapumziko ya kitaifa tangu 2008, na UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009.

Tarehe inahama kwa sababu miezi yao hufuata mwezi mwandamo, kama miezi ya Kiislamu, na miezi 12 ya namna hiyo hutimiza siku 354 hivi. Tofauti ni kwamba Wachina huongeza mwezi mmoja mara saba katika kila miaka 19 ili sikukuu zisiachane na majira. Mwaka 2025 walikuwa na mwezi wa sita mara mbili, na ndiyo maana Duanwu inaruka kutoka 31 Mei 2025 hadi 19 Juni 2026.

Kuhusu chakula, uliza kilichomo kabla ya kufungua. Kaskazini mwa China aghalabu hutia kunazi au maharage yaliyopondwa kwa sukari, lakini kusini hupenda nyama ya nguruwe pamoja na kiini cha yai la bata lililotiwa chumvi, na wali huchemshwa saa kadhaa hadi mafuta ya nyama yaingie kila punje. Kwa hiyo kuitoa nyama na kula wali uliobaki hakutakusaidia. Waambie wasimamizi wako mapema wakuwekee ule wa kunazi. Jani haliliwi, kama tusivyokula jani la mgomba la luwombo, kile chakula cha Waganda kinachopikwa ndani ya jani.