Mama mkwe anasema punda wa kwenye profaili yangu ni kijembe kwake

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, nafanya kazi hapa Dodoma mjini. Tangu 2017 picha yangu ya profaili ya WhatsApp ni moja tu: punda aliyevalishwa pama, masikio yametokeza kwenye matundu mawili. Ni punda wa babu aliyenilea, upande wa Mvumi. Alibeba maji ya kuuza, na maji hayo ndiyo yaliyonisomesha. Babu ndiye aliyempiga picha kwa simu yangu. Yeye mwenyewe hakupenda kupigwa, na alipofariki 2019 hatukubaki na picha yake hata moja. Punda naye aliibwa baadaye, tukaukuta mzoga korongoni umechunwa ngozi. Watu wakiuliza kuhusu picha nacheka tu, mambo yanaisha.*

*Mwezi uliopita nilitofautiana na mama wa mchumba wangu kuhusu idadi ya wageni wao kwenye sendofu, na nilimjibu kwa haraka. Siku mbili baadaye akaiona ile picha. Yeye ni mtu wa Tanga. Akasema ni kijembe: shukrani ya punda mateke. Mchumba wangu akachukua simu yangu nikiwa jikoni, akaweka picha yetu wawili. Nikamrudisha punda. Leo siku ya tisa hatuongei. Niitoe? – Mjukuu, Ipagala*

Marahaba mwanangu. Mbukwa.

Picha uliyoniambatanishia niliitazama mara ya kwanza nikacheka, sikufichi. Yale masikio! Kisha nikasoma barua yako tena, nikarudi kwenye picha, nikaikuza. Pale kona ya chini kuna kitu kimefifia, chekundu pembezoni, nilidhani ni dosari ya simu. Ni kidole. Ni ule wekundu wa jua likipenya kwenye nyama ya kidole kilichoziba nusu ya kamera. Hukukitaja popote, lakini nina hakika unakijua. Kwa hiyo si kweli kwamba hamna picha ya babu. Unayo, na umeibeba miaka yote hiyo huku watu wakidhani wanamwona punda.

Sitakuambia uitoe.

Ila sikiliza. Mama huyu ametoka Tanga, kwenye kanga. Na kanga ina jina. Mwanamke wa pwani akiletewa kanga husoma jina kwanza, rangi baadaye, na akimwona jirani kaivaa hujiuliza inamwendea nani. Wewe umemwonyesha picha isiyo na jina, tena siku mbili baada ya maneno makali. Akaipa jina mwenyewe, na jina la karibu kuliko yote kwa punda ni hilo la mateke. Simtetei, nakueleza alivyosoma. Hata huku bara siku hizi, nani asiyesoma stetasi za wenzake akitafuta fumbo lake?

Aliyeiacha bila jina ni wewe. Kila aliyeuliza ulimpa kicheko. Mimi nimekulia Kongwa, najua kicheko hicho kinaficha nini. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, basi. Kiangazi kikishika, maji yanafukuliwa kwenye mchanga wa korongo kwa kata, dumu moja linajaa jua limeshapanda. Punda akibebeshwa madumu manne ya lita 20, hizo ni kilo 80 mgongoni. Waliosomeshwa kwa madumu hayo huwa hawapendi kuyasimulia wakishapata kiti cha ofisini. Nadhani ulimwonea haya mchumba wako, si punda. Na ile habari ya ngozi ndiyo kabisa hukumwambia, sivyo? Hukuwa peke yako katika hilo. Ngozi za punda zilisakwa vijijini kote kwa ajili ya gundi ya dawa inayotumika China, mpaka Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kupiga marufuku biashara hiyo. Mlioamka asubuhi mkakuta zizi tupu mlikuwa wengi. Huo ni msiba, mwanangu, na msiba husemwa.

Sasa huyo kijana. Hapa sina ulaini. Simu ya mtu haishikwi akiwa jikoni. Angekuuliza tu, "Mbona punda?", akakaa kusubiri jibu mpaka kicheko kiishe. Yeye akaona njia ya mkato ya kumtuliza mama yake. Hilo mwambie waziwazi, bila kupiga kelele, na usilichanganye na habari za babu. Ni mambo mawili.

Leo hii mpigie. Usimwandikie, wala usitume sauti ya dakika saba. Mwambie mkutane, umkuzie ile kona ya chini, umsimulie kuanzia korongoni. Mtazame usoni unapofika kwenye kidole. Nikiwa wewe, utakachokiona hapo ningekiamini kuliko ahadi zote alizokupa tangu mchumbiane.

Akikuelewa, yeye ndiye akupeleke kwa mama yake. Msimalizie kwenye kundi la familia. Ukifika, anza na sendofu: "Mama, siku ile nilikujibu vibaya, nisamehe." Hilo ni deni lako halali, lilipe. Kijembe usikiombee radhi, hukukipiga. Toa simu useme, "Na huyu ndiye babu yangu aliyenilea," umwachie atafute mwenyewe yuko wapi. Mtu aliyezoea kusoma kanga atakiona kidole haraka kuliko mimi.

Huenda akabaki na dukuduku. Mpe muda, ni mzazi na ameumia kwa jambo aliloliamini. Lakini kijana akishajua yote hayo bado akasema toa, kadi za sendofu zisiende kuchapwa kwanza. Niandikie tena.

Jambo la mwisho: picha hiyo usiiache kwenye simu tu, simu huibwa. Ipeleke studio wakuchapie kubwa, ya fremu. Watataka kuinyoosha, kuing'arisha, na kukata ile kona yenye doa. Simama palepale mezani kwao uwaambie wasiikate.