Barsaba: ni jina la ukoo au la mtu?

SWALI: Katika Matendo ya Mitume namwona Yusufu aitwaye Barsaba (1:23), kisha Yuda aliyeitwa Barsaba (15:22). Je, walikuwa ndugu? Na jina hilo lina maana ya mtoto wa saba, kama nilivyowahi kuambiwa?

JIBU: Nianze na hilo la saba, kwa sababu limewapotosha wengi. Saba yetu ya kuhesabia tuliipata kwa Waarabu, na kufanana kwake na mwisho wa jina hili kusikufanye uone idadi ya watoto pale. Barsaba ni jina la Kiaramu, lugha iliyosemwa na Wayahudi wengi wa Palestina katika karne ya 1. Luka mwenyewe, aliyeandika Matendo, aya nne tu kabla ya kumtaja Yusufu, anatufasiria neno la lugha hiyo: Akeldama, yaani konde la damu. Barsaba hakulifasiri.

Sehemu ya kwanza ni nyepesi. Bar ni mwana, sawa na ben ya Kiebrania na bin tunayoifahamu sote. Tena katika wingi wake wa Kiaramu ile r hutoweka na n ikarudi, na hapo undugu wa maneno haya huonekana waziwazi. Ugumu umo katika sehemu ya pili, ambayo ina maelezo mawili yenye nguvu. La kwanza ni saba, neno la Kiaramu la mzee, hivyo jina likawa mwana wa mzee. La pili ni Sabato, yaani mtu aliyezaliwa siku hiyo, na mimi naliegemea hili, kwa kuwa nakala nyingi za Kigiriki huandika jina kwa b mbili, kama inavyotamkwa Sabato kwa Kiebrania, na tena Ezra 10:15 yumo Mlawi aitwaye Shabethai, jina lenye asili hiyohiyo.

Kuhusu undugu, tuangalie jinsi Luka anavyoandika. Anapojua kwamba watu ni ndugu, husema, kama alivyomtaja Yakobo kuwa ndugu yake Yohana (12:2). Kwa Yusufu na Yuda hasemi lolote la namna hiyo; anasema tu kwamba waliitwa Barsaba, kama anavyosema kwamba Yusufu mwingine, yule Mlawi wa Kipro, aliitwa Barnaba na mitume (4:36), na hilo tunajua lilikuwa jina la kupewa ukubwani. Bartimayo ni tofauti, maana Marko anatwambia wazi kuwa ni mwana wa Timayo (10:46), kwa hiyo jina lake limebeba jina la baba. Inawezekana kabisa kwamba baba wa akina Barsaba alikuwa mmoja, lakini jina peke yake halitoshi kuthibitisha hivyo, kwani watoto wa nyumba mbalimbali waliweza kuzaliwa siku ya Sabato na kuitwa kwa siku hiyo.