Wageni wa vuli bustanini: maswali na majibu

Tangu mvua za vuli zianze, maswali mengi tunayopokea kutoka Mwanza na mwambao wa ziwa yanafanana: msomaji ameona kiumbe ambaye wiki iliyopita hakuwapo, naye anataka kujua ampulizie dawa au amwache. Tumechagua machache.

Asubuhi nilikuta mchicha na figiri vimefunikwa na vidudu kama mbu, maelfu kwa maelfu. Jioni yake tulikuwa tumeona kitu kama moshi kikipanda juu ya ziwa. Nitumie dawa gani? (Msomaji, Luchelele)

Usitumie dawa yoyote, ndugu yetu. Ule haukuwa moshi, bali ni hao hao wadudu wa ziwani waliokuwa wakipanda angani kwa pamoja. Mabuu yao huishi kwenye tope la chini ya ziwa, na ya jamii moja miongoni mwao huinuka usiku kwenda kuwinda viumbe wadogo wanaoelea majini, kisha hurudi chini kunapopambazuka. Yakishakomaa, wadudu kamili hutoka majini kwa makundi makubwa, hasa katika siku chache zinazofuata mwezi kuandama, nao hutoka kwa wakati mmoja kwa sababu maisha yao ya nje ya maji ni mafupi mno, kiasi kwamba anayechelewa hakuti mwenza. Wakishapandana, majike hutaga mayai majini na wote hufa. Upepo ukivuma kuelekea nchi kavu, sehemu ya kundi huishia kwenye kuta, kwenye taa na kwenye mboga zako.

Mchukue mmoja umtazame kwa karibu. Dume ana vipapasio vyenye manyoya mengi mithili ya unyoya wa kuku, na mdomo wake hauna ile sindano ndefu ya mbu. Haumi mtu wala hatafuni jani. Osha mboga kwa maji mengi, na walioanguka chini wafagie uwatie kwenye shimo la mboji. Mwenye pumu ndiye anayestahili kujihadhari, kwa kuwa mavumbi ya wadudu hawa waliokauka humletea taabu ya kupumua; afunge madirisha na azime taa za nje mapema. Tunakushauri pia uandike tarehe uliyowaona na ilikuwa siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, kwani baada ya miezi kadhaa utaweza kukisia wenyewe watakuja lini, na kazi ya kuanika dagaa au kupaka rangi ukuta ukaipangia siku nyingine.

Mbayuwayu wamejaa kwenye nyaya za umeme, lakini hawajengi viota kwenye upenu wetu kama miaka iliyopita. Tumewakosea nini? (Msomaji, Bwiru)

Hamjawakosea. Inaelekea mnachanganya ndege wawili. Mbayuwayu mwenye paji na koo la rangi ya kutu, mgongo wa buluu iliyokoza na mkia uliogawanyika kama panda, akionekana kwa wingi kuanzia Septemba, ni mgeni kutoka Ulaya na Asia. Huko ndiko anakozalia; huku huja kula, naye huondoka kati ya Machi na Aprili bila kujenga chochote. Anayejenga kwa tope kwenye vibaraza na chini ya madaraja ya Mwanza mara nyingi ni mwenyeji, mwenye utosi wa rangi ya kutu, koo jeupe, na manyoya mawili membamba kama waya yanayoning'inia mkiani. Huyu wa pili akihama upenu wenu, chunguzeni kama tope bado linapatikana jirani, maana bila tope hana cha kujengea.

Kwenye mche wangu wa mlimao kuna vinyesi vya ndege vinavyotembea. Sifanyi mzaha. (Msomaji, Buswelu)

Tunakuamini. Hao ni viwavi wachanga wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, anayetaga kwenye jamii ya michungwa na milimao. Weusi wenye baka jeupe huwafanya wafanane na kinyesi, na ndege huwapita bila kuwagusa. Wakikua hugeuka kijani. Ukimgusa kiwavi mmoja, atachomoza nyuma ya kichwa pembe laini mbili zenye harufu kali isiyosahaulika. Mti uliokwisha kuzaa huwahimili bila tabu, lakini mche mdogo wanaweza kuumaliza majani kwa siku chache, hivyo waokote kwa mkono uwahamishie kwenye mti mkubwa. Kwa viwavi kumi, kununua dawa ni kupoteza fedha.

Kereng'ende wa manjano wametanda juu ya bustani kabla ya mvua. Wametoka wapi wote? (Msomaji, Nyegezi)

Kereng'ende hawa husafiri na pepo zinazoleta mvua, kwa sababu huzalia kwenye madimbwi ya muda ambayo huenda yakakauka upesi. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyewafuatilia kwa miaka mingi visiwani Maldivi, alichapisha hoja kwamba wengi wao huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki. Hatudai kwamba hao wa Nyegezi wametoka India. Huenda wamezaliwa kwenye dimbwi la jirani yako. Wanakula mbu, basi waache.

Senene wanaotua kwenye taa yangu watakula mahindi? (Msomaji, Ilemela)

Chakula chao hasa ni nyasi na mbegu zake. Wanyonyoe mabawa na miguu, uwakaange kwa chumvi kama wafanyavyo Bukoba.

Korongo weusi wenye tumbo jeupe wametembea shambani kwangu kutwa nzima wakidonoa. Niwafukuze? (Msomaji, Magu)

Usiwafukuze, ila nenda ukaangalie wanachokidonoa. Korongo hawa huzaliana kaskazini mwa Ikweta, katika ukanda ulio kusini mwa Sahara, kisha huzifuata mvua hadi kwetu, wakila panzi, nzige na viwavijeshi. Kundi lililoganda shambani kutwa nzima lina sababu. Kagua mahindi asubuhi, na ufunue moyo wa mmea kwa vidole, kwani kiwavijeshi vamizi, aliyeingia nchini mwaka 2017, hujificha humo ndani ambamo mdomo wa korongo haumfikii kwa urahisi. Ukikuta majani yenye matundu na unga kama wa mbao, mwone afisa ugani mapema. Hapa ndipo dawa inaweza kuhitajika.

Nataka kufyeka matete yaliyo kati ya bustani yangu na ziwa. Jioni maelfu ya ndege huingia humo, nami nahofia miche. (Msomaji, mwambao wa Ilemela)

Wanaolala kwenye matete msimu huu wengi ni mbayuwayu na wale ndege wadogo wa manjano wanaotikisa mkia, ambao mchana huandamana na ng'ombe malishoni. Wote hula wadudu, na miche yako hawaihitaji. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo kabla ya kunoa panga, pima kwanza bustani yenyewe imekaa wapi.