Madirisha mengi, faili moja

SWALI: Naandika programu ya chama chetu cha msingi hapa Masasi, ya kurekodi uzito wa korosho ghafi na kukokotoa malipo ya wakulima. Natumia Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo, kwenye laptopu ya RAM GB 4. Nikifungua madirisha matano mashine inakuwa nzito, na juzi mistari niliyoihifadhi kwenye malipo.py haikuonekana tena. Nifanyeje?
Msomaji, Masasi, Mtwara

JIBU: Kwanza tuitafute hiyo mistari, maana huenda bado ipo. Fungua malipo.py, kisha chini kabisa ya orodha ya faili upande wa kushoto bofya Timeline. Tangu mwaka 2022 Visual Studio Code hutunza nakala kila unapohifadhi, hadi 50 kwa kila faili. Bofya ya juzi, ilinganishe na ya sasa, nakili kilichopungua.

Kuhusu chanzo, tunashuku folda kuu ilikuwa kwenye dirisha moja na folda ndogo iliyomo ndani yake kwenye jingine, faili ileile ikawa wazi pande zote mbili. Mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa upande mmoja hayaonekani upande wa pili. Ukihifadhi huku, halafu ukahifadhi na kule, unaonywa kwamba faili iliyo kwenye diski ni mpya zaidi. Mtu mwenye haraka hubonyeza Overwrite (andika juu yake), na kazi ya kwanza inafutika. Bonyeza Compare (linganisha), kila mara!

Uzito wa mashine nao unatokana na madirisha hayohayo: kila moja huwasha upya viendelezi vyake (extensions, programu ndogo za nyongeza), na GB 4 haziwezi kubeba matano. Mradi mmoja, dirisha moja. Ukitaka kuona uzito.py na malipo.py kwa pamoja, Ctrl+\ hugawa dirisha. Ctrl+1 na Ctrl+2 hukuhamisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ficha orodha ya faili kwa Ctrl+B upate nafasi. Safu tatu kwenye skrini ndogo hazisomeki.

Faili nyingine usiziache wazi. Bonyeza Ctrl+P, andika “mal”, malipo.py inakuja. Ukibofya faili mara moja kwenye orodha, jina lake hulala mshazari na faili inayofuata huchukua nafasi yake. Bofya mara mbili ibaki. Kama vichupo (tabs, majina ya faili zilizo wazi yaliyo juu) bado vinajaa, washa workbench.editor.limit.enabled kwenye mipangilio, kisha punguza kikomo kutoka 10 hadi 5. Kichupo kilichokaa muda mrefu bila kuguswa kitajifunga, ila chenye mabadiliko yasiyohifadhiwa hakifungwi. Kikifungwa unachokihitaji, Ctrl+Shift+T hukirudisha.