Majasusi gani hawa hawapigani?

SWALI: Shikamoo mhariri, niko Nkuhungu hapa Dodoma, juzi kibanda umiza walituwekea filamu ya Tinker Tailor Soldier Spy watu wakaanza kudai hela zao, hakuna ngumi wala magari kukimbizana, sasa wakosoaji waliisifia nini?

JIBU: Marahaba. Waliisifia kwa hilohilo! Gary Oldman ndo Smiley, mzee mpole anayemsaka msaliti ndani ya idara yao wenyewe ya ujasusi London, na kazi yote anaifanya kwa macho na kunyamaza, ikampa nominesheni yake ya kwanza ya Oscar, BAFTA nao 2012 wakaipa tuzo ya filamu bora ya Uingereza. Ila wapo waliolalamika stori inachanganya na mi nakubali, ukitoka kununua karanga tu umeshapotea. Irudie nyumbani, bila kelele za DJ.